Hewa Namba Sita

Daktari alisema ugonjwa wangu ni mdogo. Alisema kwanza kwa Kifaransa, akatafuta neno la Kiswahili, akalikosa, ndipo akanionyesha kwa vidole viwili nafasi inayotosha punje moja ya haragi. Nikilala, koo linajifunga na pumzi inakatika, halafu mwili unashtuka na kuivuta tena. Asubuhi sikumbuki lolote, ila nimechoka kama mtu aliyepandisha mifuko ya simenti mlimani. Wapo ambao jambo hili huwapata mara nyingi sana kwa saa moja, mimi mara chache. Wale ni wagonjwa. Mimi nilikuwa mgonjwa kidogo.

Sikuona ajabu. Shule nilisoma kidogo, nikaiacha mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu nilitaka kujua malori yanayokwenda Shabunda yanapita wapi. Nilichimba dhahabu kidogo. Niliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka nikachoka kunuka. Kule Lwiro nilimsaidia mzee mmoja aliyekuwa akitega panya wa msituni kwa ajili ya watafiti, nikajifunza majina yote ya panya, kisha nikaondoka kwa kuwa hapakuwa tena na panya nisiyemjua.

Kazi ya udereva ndiyo ya kwanza ambayo sikutaka kuiacha. Vita ya pili ya nchi yetu ilikuwa imekaa nasi miaka kadhaa, kama mgeni asiyeuliza njia ya kurudi kwao. Mji wa Bukavu ulikuwa mikononi mwa waasi, vijiji vilikuwa vya yeyote aliyewahi kufika, na mtu wa kawaida hakutoka mjini ila kwa mazishi. Mimi nilitoka mara mbili kwa wiki. Padri mmoja aliyesimamia ghala la vyakula alinipa kamionete nyeupe, gari dogo la mizigo, nipeleke unga, chumvi na sabuni kwenye vituo vya afya vya njia ya Mudaka na Lwiro. Kwa mtu ambaye miguu yake huwasha akikaa mahali pamoja, ufunguo ule ulikuwa zaidi ya mshahara. Bila huo ningebaki ndani ya mji mmoja mpaka vita iishe, na hakuna aliyekuwa akisema itaisha lini.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, jua likiwa juu na barabara ikiwa wazi, nililala kwenye usukani karibu na Mudaka. Kamionete ilitoka njiani polepole, ikaingia katika shamba la mihogo, ikasimama yenyewe. Nyuma juu ya mifuko kulikuwa na masera wawili, watawa wa misioni, waliokuwa wameomba lifti. Walishuka wakiwa weupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Mwenye shamba alikuja na jembe begani, akatuangalia mmoja mmoja.

"Munatafuta nini ndani ya mihogo yangu?" akauliza.

Masera mkubwa alijibu, "Mulize dereva. Yeye njo alitupitisha huku."

Padri aliniita jioni ile ile.

"Ulikunywa?"

"Hapana, Padiri."

"Basi ulikuwa nafanya nini?"

"Nililala."

Akasema ingekuwa heri ningekunywa, kwa sababu ulevi anajua pa kuanzia. Akanipeleka kwa daktari mgeni aliyekuwa akipita katika hospitali moja ya mjini. Daktari aliniuliza kama ninakoroma. Nikamwambia majirani ndio wanaojua. Akaniazima kifaa kidogo kinachobana kidole, chenye waya unaoingia kwenye kisanduku, nilale nacho usiku mmoja. Siku iliyofuata alikisoma, akatoa karatasi, na hapo ndipo akanionyesha ile punje ya haragi.

Dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwa dawa. Ilikuwa mashine. Padri mzee Mzungu aliyerudi kwao vita ilipoanza alikuwa ameacha ya kwake kwa masera, nao waliitunza kabatini pamoja na vitambaa vya altare. Ni kisanduku chenye feni ndani, bomba refu la mpira, na maski ya kufunga puani kwa mikanda. Inasukuma hewa kooni usiku kucha ili koo lisijifunge. Daktari aliiweka kwenye namba sita, akasema nisiiguse. Nilipofika nyumbani niliifungua kuona feni, nikaifunga tena. Namba sikuigusa.

Padri aliweka masharti mbele ya daktari. "Nakupatia mwezi moja. Kwa ugonjwa siwezi kukufukuza. Kwa uvivu naweza. Mwezi ikiisha, kama ungali unalala ndani ya gari, utaniletea ufunguo."

Dereva mwingine hakupatikana. Waliokuwapo walikimbilia Bujumbura au walichukuliwa na wanajeshi. Kwa hiyo mwezi ule niliendelea kuendesha, ila kila safari masera mkubwa alikaa pembeni yangu na rozari. Yeye alisali nusu ya kwanza ya Salamu Maria kwa sauti, mimi nikajibu nusu ya pili. Nikichelewa kujibu, ananifinya kwenye paja. Alikuwa binti wa wakulima wa Kabare na vidole vyake vilikuwa vimechimba viazi kabla havijashika rozari.

Nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa wa Bagira, kwa mama mmoja mjane. Umeme wa mtaa wetu ulikuwa wa zamu, na zamu hakuna aliyeijua. Unaweza kuja jioni, unaweza kuja alfajiri, unaweza kukaa siku tatu bila kuja. Ukija, nyumba nzima inaamka kama wanafunzi waliosikia kengele. Pasi inawekwa moto, nguo za kanisani zinatolewa, redio inawashwa, na maharagi yaliyolowekwa tangu jana yanapandishwa kwenye jiko la umeme, maana makaa ni ya kutafuta na umeme umejileta. Saa hiyo ndiyo niliyotakiwa kulala. Nilikuwa ninavaa maski, ninalala chali, na ng'ambo ya ukuta wa mbao watu sita wanapiga pasi.

Tena waya wetu ulikuwa mwembamba. Jiko likiwashwa pamoja na pasi na mashine, kile kidude cha ukutani kinaruka, giza linaingia, na kila mtu anaita jina la mwenzake. Mama mwenye nyumba alitoa hukumu: maharagi kwanza, kisha pasi, kisha pumzi yangu. Sikumlaumu. Maharagi yalikuwa ya watu sita.

Wiki ya kwanza niliamka nimechoka. Nikajiambia ni dawa, haijaingia damuni. Wiki ya pili niliamka nimechoka pia, na nikaongeza alama za mikanda usoni, mstari mmoja kila shavu. Kwenye vizuizi wanajeshi walinitazama sana. Mmoja aliniuliza kwa Kilingala ni kabila gani linachanja hivyo. Nilisema ni la Bagira.

Kisha mama mwenye nyumba alikuja kusimama mlangoni mwangu, mikono kiunoni.

"Papa, ile kintu inakupatia nini?"

"Hewa, Mama."

"Hewa ya wapi?"

"Ya humu ndani ya chumba."

"Ile yenye tunapumua bure?"

"Njo ile. Lakini inasukumwa."

Alifikiri. "Basi na miye unisukumie kidogo. Tangu siku ya kwanza ya Kwaresma niko nachoka."

Msomaji wa mbali anaweza kuuliza kwa nini sikukataa. Kwetu dawa haina jina la mtu mmoja. Aliyepewa vidonge kumi na kupona kwa sita, vinne ni vya jirani. Mtu akichoka huomba serumu, na aliyetundikiwa chupa hospitalini hurudi nyumbani akitembea taratibu kwa heshima. Kukaa na mashine ya kuongeza hewa na kujifungia nayo peke yako ni kama kula nyama dirisha likiwa limefungwa. Watu watasikia harufu tu. Nikamvalisha maski.

Alikaa nusu saa juu ya kitanda changu, macho wazi, mikono magotini, kama aliyengoja kupigwa picha. Nilipomvua alisema, "Iko baridi, lakini inaingia." Kesho yake aliuambia mtaa mzima kwamba amesikia miguu imekuwa myepesi.

Wa pili alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye serikali tatu zilikuwa zimesahau kumlipa. Yeye alikuja na saa yake ya mkononi ili asizidishe wala asipunguzwe. Baada yao walikuja wengine: shemeji wa mama mwenye nyumba, fundi viatu, bibi harusi aliyetaka kuwa na nguvu siku ya ndoa. Maski ilifutwa kwa kitambaa chenye sabuni kati ya mtu na mtu, mwalimu akisimamia. Wakimaliza, umeme nao umemaliza. Nilikuwa mgonjwa pekee katika Bagira aliyepanga foleni kwenye ugonjwa wake mwenyewe, na mara nyingi nilikuwa wa mwisho.

Jioni moja nilijaribu kuwaeleza. Walikuwa watano, wamekaa kwenye benchi ukumbini.

"Hii mashine si ya kila mutu," nikasema. "Ni ya mutu mwenye anaacha kupumua usiku."

Mwalimu aliangalia saa yake. Mama mwenye nyumba alikuwa anachagua mawe kwenye maharagi, wala hakuinua kichwa.

"Nani hapa haache kupumua usiku?" akasema.

Hakuna aliyecheka. Nami nilianza kufikiri, na mtu wa aina yangu akianza kufikiri jambo haliachi hata kama ingemfaa aliache.

Ilikuwa hivi. Usiku buti zilipita katika barabara yetu. Zilipita karibu kila usiku. Zikisikika kule kwenye kona ya kisima, nyumba yetu iliacha kupumua. Si kwa amri. Mama mwenye nyumba alizuia pumzi, watoto wake walizuia, mimi nilizuia, na nadhani nyumba iliyofuata pia, mlango kwa mlango, mpaka buti zifike bondeni. Buti zikisimama, tulikaa hivyo mpaka masikio yanalia. Zikiendelea, mtaa mzima ulitoa pumzi kwa pamoja, na tukalala tena tunavyoweza. Asubuhi hatukulizungumzia. Utasema nini? Nilizuia pumzi nami pia?

Na usiku ule wa kipimo, nikiwa na kifaa cha daktari kidoleni, wanajeshi walipita. Walikwenda na kurudi, wakaenda tena wakarudi, kwa kuwa walikuwa wakitafuta nyumba ambayo hawakuijua vizuri. Mara mbili walisimama mbele ya mlango wetu. Nilikuwa macho. Nilizuia pumzi kadiri mtu anavyoweza, nikashikilia na kile kisanduku kifuani ili taa yake ndogo isionekane. Kifaa kiliandika kila kitu kwa uaminifu. Hakikuwa na mahali pa kuandika buti.

Daktari hakuniuliza kama nililala. Aliniuliza kama nilivaa.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa. Nikimwambia Padri, karatasi yangu itakuwa bure, na bila karatasi mimi si mgonjwa tena, ni mvivu, na mvivu anapeleka ufunguo. Nisipomwambia, naendelea kuwa mgonjwa kidogo wa namba sita, na njia ya Lwiro inaendelea kuwa yangu. Nikaamua kunyamaza. Kila Jumamosi Padri aliniuliza kwenye mlango wa ghala, na kuandika majibu kwenye daftari lake.

"Unalala?"

"Ninalala."

"Unachoka?"

"Ninachoka."

"Hewa?"

"Namba sita."

Wiki ya nne tulikuwa tukirudi kutoka Lwiro. Nyuma, juu ya godoro, tulimbeba mama aliyejifungua kwa shida siku mbili kabla, na mtoto wake ndani ya kitenge, tukiwapeleka hospitali mjini. Masera alikuwa pembeni yangu. Tulianza rozari kwenye kona ya kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze hakunifinya hata mara moja. Nilijibu kila Salamu kwa wakati wake. Alikuwa amefurahi. Alianza hata kufumba macho kidogo yeye mwenyewe.

Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Papa, tunaenda wapi?"

Nami nikamjibu, "Utuombee sisi wakosefu."

Masera aliushika usukani kwa mikono miwili, rozari ikiwa bado imezunguka vidole, akauvuta kwake. Gurudumu moja lilikuwa limeshatoka barabarani. Chini palikuwa na bonde, na chini ya bonde watu walikuwa wanafua. Nilikanyaga breki. Mtoto alilia nyuma, na kilio hicho kilikuwa kitu kizuri kusikia.

Nilizima injini.

"Ulikuwa unajibu," masera akasema. "Ulikuwa unajibu muzuri sana."

"Nilikuwa nimelala, Masera."

"Tangu fumbo gani la rozari?"

"Sijue. Pengine tangu la tatu."

Alihesabu punje za rozari kurudi nyuma, labda aone ni sala ngapi zilisaliwa na mtu mmoja tu. Kisha alishuka, akakaa nyuma na yule mama, akashika godoro. Niliendesha mpaka mjini nikiwa nimetoa kichwa nje ya dirisha. Hospitalini yule mama aliniambia aksanti. Hakuwa amejua lolote, alidhani ni mashimo ya barabara. Aksanti yake ndiyo iliyonipeleka kwa Padri bila kupitia nyumbani.

Alikuwa ghalani, anahesabu vipande vya sabuni.

"Padiri, ule usiku wa kipimo basoda na buti zao walipita."

"Basoda banapitaka kila usiku."

"Nilikuwa macho. Nilizuia pumzi. Mashine ya docta ilihesabu ile."

Aliacha sabuni. Aliitafuta karatasi yangu kwenye daftari, akaisoma kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa na mistari minne.

"Hapa banaandika uko mugonjwa kidogo," akasema. "Sasa unaniambia hata ile kidogo si yako."

"Pengine nusu ni yangu. Ninakoromaka kweli."

"Na nusu ingine?"

"Ya basoda."

Nilimweleza na habari ya rozari, na bonde. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Nilikuwa nimejiandaa kuitwa mwongo, au mvivu, na nilikuwa na majibu ya yote mawili.

"Ule usiku," akasema, "miye nilikuwa chini ya kitanda. Na niko mutu munene."

"Najua, Padiri."

"Unajua nini?"

"Kwamba kitanda cha misioni kiko chini sana."

Aliitikia kwa kichwa. Aliniamini, nililiona jambo hilo usoni mwake waziwazi. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Nilikuwa nimefikiri, sijui kwa nini, kwamba mtu akiaminiwa huachiwa. Nikampa ufunguo.

"Mashine ubaki nayo," akasema. "Kama si ya ugonjwa, itakuwa ya kupumzika."

Ijumaa alituma mtu kuniita. Vituo viwili vilikuwa vimeishiwa chumvi na dereva hakuna. Nilimkuta amekaa kwenye usukani wa kamionete, kanzu imefungwa kiunoni kwa mkanda, daftari juu ya mapaja. Akasema ataendesha mwenyewe, aliwahi kujifunza seminarini, na mimi nikae pembeni kwa kuwa njia ninaijua. Masera hakuja. Alisema ana kazi nyingi.

Sijawahi kuwa macho kama siku ile. Padri aliendesha akimtazama aliyekuwa akizungumza naye, na aliyekuwa akizungumza naye ni mimi. Kila Mkristo aliyekuwa pembeni ya barabara Padri alimsalimia kwa mkono wa usukani, na njia ya kutoka Bagira mpaka Mudaka ina Wakristo wengi. Penye mteremko alizima injini ili kubana mafuta. Penye kizuizi alisimama baada ya kizuizi. Nilimwambia "kushoto, Padiri", "polepole, Padiri", "ng'ombe, Padiri", na nilikanyaga sakafu kwa mguu wangu mpaka paja likashikwa na ganzi. Mwanajeshi mmoja alituuliza kama tunakimbia kitu.

Tulifika Lwiro tukiwa wazima, na chumvi pia. Padri alishuka, akajinyoosha, akanitazama kwa makini kama daktari.

"Haukulala."

"Hapana, Padiri."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Unaona," akasema. "Ile hewa imeanza kutumika kazi yake." Akatoa daftari na kuliandika hapo hapo, juu ya boneti.

Ufunguo hakunirudishia, si siku ile wala baadaye. Lakini kiti cha pembeni ya dereva kilikuwa changu, mara mbili kwa wiki, karibu mwaka mzima. Nilichoka kama zamani. Usiku niliipata mashine baada ya mwalimu, mchana nilikaa macho kwa sababu yule anayeendesha alinihitaji zaidi ya nilivyohitaji usingizi. Siku ile ya kwanza, tulipogeuza gari kurudi mjini, nilitaka kumwambia Padri kwamba si hewa. Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa ametia gia ya tatu, anasubiri gari lipande, na mlima ulikuwa mbele yetu wote.

"Ya kwanza, Padiri," nikasema. "Tia ya kwanza."